Meno ya Mpiga Tarumbeta wa Greyville

Kwa kawaida siwaoni wenye meno. Naona taya zao tu. Daktari anachukua chapa ya kinywa cha mgonjwa, chapa inaletwa kwangu ndani ya mfuko wa plastiki, namimina plasta ndani yake, ikikauka inakuwa taya, na baada ya siku chache meno ya bandia yanarudi kwake. Nimefanya kazi hiyo hapa Durban miaka kumi na moja, ghorofa ya pili, Greyville, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama uwanja wa mbio za farasi. Wagonjwa waliowahi kupanda ngazi kuja kunitazama usoni hawazidi watano.

Mmarekani alikuwa mmoja wao. Asubuhi ile daktari alinipigia simu kunitahadharisha.

"Kuna mzee anakuja kwako," alisema. "Ni mpiga tarumbeta, mtu wa jazi. Meno yake manne ya mbele ya juu yamelegea, lazima yatoke. Ana kitu chake cha kukuonyesha na amekataa kuniachia. Mvumilie kidogo."

Alikuja saa nne, katikati ya joto la Februari, amevaa koti. Mzee mrefu, mweusi, miaka sabini na kitu, na chini ya kwapa amebana kopo la biskuti lililofungwa kwa kamba. Hakukaa. Alizunguka chumba akitazama meza yangu, mashine yangu ya kusugulia, picha ya wanangu ukutani. Tulizungumza Kiingereza siku zote, lakini hapa nitayaandika maneno yetu kwa lugha yangu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Umesomea wapi?"

"Dar es Salaam. Halafu hapa nikafanyiwa mtihani upya."

"Kwa nini upya?"

Swali hilo lilinigusa pabaya. Nilipofika nchi hii, vyeti vyangu vilikaa ofisini miaka miwili. Waliandika barua chuoni kwetu, barua zikapotea. Wakasema mhuri unaonekana mpya mno. Nilifanya kazi ya kubeba mizigo Warwick, kwenye soko, huku nikisubiri wathibitishe kwamba mimi ni mimi. Mwishowe waliniweka katika chumba na watu watatu, nikatengeneza seti nzima ya meno tangu mwanzo hadi mwisho wakiwa wananitazama mikono. Nilifaulu. Lakini tangu hapo tabia yangu iliharibika. Kila kitu kinachowekwa mezani kwangu nakikagua kama askari wa mpakani, na kila kitu nakipiga picha kwa simu siku kilipofika, ili mtu asije kesho akaniambia sicho.

Sikumweleza yote hayo. Nilimwambia, "Walitaka kuhakikisha."

Aliridhika kidogo, akafungua kopo. Ndani, kikiwa kimevingirishwa kwa kitambaa cha pamba, kulikuwa na kipande cha plasta cha zamani, kimegeuka rangi kuwa kama siagi: taya ya juu ya mtu, meno kumi na manne na kaakaa.

"Haya ni meno yangu ya ujanani," alisema. "Nilikuwa Denmark, kwenye bendi kubwa. Kulikuwa na daktari wa meno mpenzi wa jazi, akatuchukulia chapa sisi wote wapiga tarumbeta, ili mmoja wetu aking'oka jino liweze kutengenezwa lilelile. Midomo yetu inategemea meno, unaelewa? Ukibadilisha jino kidogo tu, sauti inakimbia. Nataka unitengenezee haya. Usiyanyooshe, usiyapendezeshe. Nataka haya hasa."

Nikapiga picha. Aliniuliza kwa nini napiga picha, nikamjibu ni utaratibu wangu. Alinitazama kwa muda mrefu, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kushukiana.

Alinieleza maisha yake kwa vipande, akiwa amesimama dirishani. Aliondoka Marekani ana miaka ishirini na mbili, akaenda na bendi Ulaya na hakurudi. Santuri moja waliyorekodi kule ilimpa jina, kwa sababu ya kipande alichopiga peke yake, dakika moja na nusu. Kwa kipande hicho aliitwa kila mahali. Baadaye alimwoa mwimbaji wa Durban aliyekuwa ukimbizini, na nchi hii ilipofunguka wakaja pamoja. Mkewe alishafariki. Alikuwa amepata mwaliko wa kupiga Jumapili moja alasiri, miezi mitatu mbele, onyesho lake la kwanza baada ya miaka mitatu.

Siku mbili baadaye daktari akaniletea chapa ya kinywa chake cha sasa. Niliimimina, ikakauka, nikaiweka mezani kando ya ile ya kopo.

Mtu asiye wa kazi hii ataona taya mbili tu. Mzee wa miaka sabini na kitu ana fizi zilizoshuka na meno yaliyosogea, hilo halinishangazi. Lakini nyuma ya meno ya mbele, juu kwenye kaakaa, kila mtu ana mikunjo yake, kama mistari ya kidole gumba, na haibadiliki mpaka anazikwa. Ukipitisha ulimi utaisikia. Mikunjo ya plasta ya kopo ilikuwa mingi, imejipinda kuelekea kulia. Ya kinywa chake ilikuwa mitatu tu, minene, imenyooka. Tena, kwenye plasta ya zamani jino la pili la kushoto lilikuwa limepanda juu ya jirani yake. Kinywani mwake jino hilo lilikuwa bado lipo, limelegea, lakini limesimama wima kama mlinzi.

Nilidhani daktari amechanganya wagonjwa. Nikamwomba achukue chapa nyingine. Ilikuja, nikamimina, ikawa vilevile. Kinywa kile hakikuwa na uhusiano wowote na plasta ile.

Kwa hiyo alikuwa amenidanganya, au alikuwa amedanganywa. Kwa tabia yangu, niliamini la kwanza.

Chini ya ghorofa yetu kuna kinyozi Mkongomani, tunafahamiana miaka mingi. Nilishuka kama mtu anayetaka kupunguza nywele, nikamtaja Mmarekani.

"Ule muzee mi namunyoa ndevu kila semaine, wiki haipiti," alisema kinyozi. "Anakaa pale nyuma, kwa flat ya kona. Lakini fundi, sijamusikia hata siku moja anapiga ile trompette. Anabeba tu sanduku, anaenda nayo, anarudi nayo. Eish. Mutu wa musique bila musique, ile iko nini?"

"Labda ni meno."

"Meno iko mubaya toka lini? Mi namujua miaka ine."

Maneno hayo yalinitia moto. Nikaanza kutafuta kwenye simu, wakati wa chakula cha mchana, mkate mkononi. Santuri ilikuwepo kweli. Wapenzi wa jazi walikuwa wakiandikiana kuhusu kile kipande cha dakika moja na nusu kana kwamba ni aya takatifu, na jina lililoandikwa lilikuwa lake. Nikapata na picha ya jalada: vijana wanne wamesimama kando ya basi, kila mmoja na tarumbeta lake. Watatu wanacheka. Niliikuza picha mpaka ikaanza kuvunjika. Aliyesimama wa pili alikuwa na jino la kushoto lililopanda juu ya jirani yake. Chini ya picha majina yaliandikwa kwa kufuatana, na wa pili hakuwa yeye. Yeye alikuwa wa nne, yule pekee aliyefunga mdomo.

Sasa niliwaza mengi, na sikuwaza mema. Niliwaza kwamba huenda huyu mzee si hata yule wa nne. Mtu anaweza kuokota jina la marehemu nchi za mbali na kuzeeka nalo, nani angemwuliza? Mke wangu aliniambia nina roho mbaya. "Wewe mwenyewe ulilia walipokufanyia hivyo," alisema. Nilimjibu kwamba mimi vyeti vyangu vilikuwa vya kweli.

Daktari, nilipomwambia, alikuwa na jibu fupi: "Mwulize."

Nikamwita. Nilizipanga taya zote mbili juu ya kitambaa cheusi, chini ya taa, na sasa naona kwamba nilifurahia kuzipanga. Alipoingia sikumpa hata kiti.

"Mzee, plasta uliyoniletea si ya kinywa chako."

Alizitazama. Hakuuliza najuaje. Nilimwonyesha mikunjo kwa ncha ya penseli, huu na huu, halafu jino.

"Umeibadilisha," alisema.

"Mimi?"

"Umevunja yangu, ukaniwekea ya mtu mwingine. Niliona siku ile ulivyopiga picha. Nikajua huyu ana jambo."

Alichukua plasta yake, akaivingirisha, akaondoka na kopo. Kabla ya saa moja kupita daktari alinipigia. Mzee alikuwa amekwenda moja kwa moja kwake. Alikuwa anasema ataandika barua kwa wale wanaosimamia leseni zetu, kwamba fundi mgeni amepoteza kitu chake cha thamani na kumdanganya.

Nilijua barua kama hiyo inavyosafiri. Inaanza kwa plasta, inaishia kwenye vyeti, na mara watu watatu wanakaa tena wakinitazama mikono. Nilimtumia daktari picha zote za siku ya kwanza: kopo, kamba, kitambaa, plasta ileile na jino lake lililopanda, na nyuma, kwenye picha moja, koti la mzee na nusu ya mkono wake. Daktari alimwonyesha. Aliniambia baadaye kwamba mzee alizitazama, akamrudishia simu, akaaga kwa adabu.

Barua haikuandikwa. Lakini zilipita siku tisa, na kila nilipowasikia watu kwenye ngazi niliacha kazi na kusikiliza.

Siku ya kumi alikuja. Safari hii alikuwa na kopo, na pia lile sanduku alilolisema kinyozi. Alisimama mlangoni.

"Naweza kukaa?"

Nikamsogezea kiti.

"Nilikukosea," alisema. "Nilijua si meno yangu. Nimejua siku zote."

Yalikuwa ya rafiki yake, yule wa pili kwenye picha. Walitoka mji mmoja, wakalala chumba kimoja kule Denmark miaka minne. Huyo rafiki ndiye aliyepiga kile kipande cha dakika moja na nusu. Studio waliandika majina kwa haraka, walioandaa jalada wakachanganya, na santuri ikatoka ikiwa na jina lisilo lake.

"Nilicheka mwanzoni," mzee alisema. "Tulicheka wote wawili. Tukasema toleo la pili watasahihisha. Halafu barua zikaanza kuja. Paris wananitaka. Stockholm wananitaka. Yeye akaniambia, nenda, waambie ukifika. Nilifika, sikuwaambia."

"Hata baadaye?"

"Baadaye ipi? Kila mwaka ulikuwa umechelewa kuliko uliopita."

Rafiki alirudi Marekani bila kumuaga, akaendesha basi la shule, akafa kabla hajafika miaka hamsini. Vitu vyake alivyoacha chumbani vilikuwa viatu na ile plasta. Mzee aliichukua. Yake mwenyewe aliipoteza kwenye kuhamahama.

"Na kwa nini unataka meno yake?"

Alijibu polepole, kama mtu anayetafsiri. Maisha yake yote watu walimwomba apige kile kipande, naye alikipiga, na kila mara alijua hakifiki. Alijiambia ni meno. Rafiki yake alikuwa na jino lile lililopanda, hewa ikapita kwa namna yake. Sasa, kwa kuwa yake yanang'olewa, kwa nini asiwe nayo? "Mara moja tu," alisema. "Nikipige kama kilivyo."

Nilimsikiliza huku nikimshuku bado. Aliyedanganya miaka hamsini anaweza kudanganya nusu saa zaidi. Lakini mgonjwa alikuwa ameomba kitu, na safari hii aliomba akisema ukweli, au kitu kilichofanana nao. Nilipatana na daktari: meno yangetolewa, nami ningetengeneza seti kwa mpango wa yule rafiki, ijaribiwe.

Nilifanya kazi nzuri. Jino la pili la kushoto nililipandisha juu ya jirani yake kwa pembe ileile. Vidonda vilipopona akaja, akavaa, akafungua sanduku, akatoa tarumbeta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona. Aliliweka mdomoni, akavuta pumzi.

Ilitoka hewa. Hewa, na ndani yake sauti nyembamba kama birika linaloanza kuchemka. Alijaribu tena. Nilitazama pembeni.

"Ni ugeni tu," alisema. "Nipe wiki."

Baada ya wiki alirudi, mdomo wa juu umevimba, kwa ndani umechanika pale jino lilipokuwa linauma nyama. Alikuwa amejaribu kila siku, mchana, amefunga madirisha. Kinyozi alikuwa ameshaniambia: "Sasa namusikia. Bora zamani."

Mzee alivua yale meno, akayaweka mezani kwangu. Bila meno uso wake ulikuwa mdogo.

"Nitengenezee yangu," alisema.

"Plasta ya meno yako ya zamani haipo."

"Najua."

"Na yale yaliyong'olewa yalikuwa yameshasogea. Sitajua yalikaaje ulipokuwa unapiga vizuri."

"Mimi nitajua."

Tulifanya hivyo wiki tatu, kila Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Nilipanga meno kwenye nta, akavaa, akapuliza noti moja ndefu. Akitikisa kichwa, navua, naingiza jino ndani kiasi cha unene wa ukucha, anapuliza tena. Mimi sijui muziki. Mwanzoni nilikuwa nasikia noti ileile mara thelathini. Kufikia wiki ya pili nilianza kusikia mahali hewa inapotoroka, na siku moja nikamwambia kabla yake, "Kushoto, sivyo?" Akanitazama kwa ile namna yake ya zamani, ya kunipima.

"Kushoto," alisema.

Wakati wa kusubiri nta ipoe alizungumza, na nilimtega. Nilimwuliza mambo aliyokwisha kunieleza, nione kama majibu yatabadilika. Jina la mtaa waliokaa. Nani alilala karibu na dirisha. Rafiki yake alivaa kiatu namba ngapi. Majibu hayakubadilika, isipokuwa mara moja, kuhusu basi la shule: safari ya kwanza alisema jirani ndiye aliyemwandikia habari za kifo, safari ya pili akasema ni dada wa marehemu. Sikumwambia nimeona. Niliandika pembeni mwa daftari langu la kazi, kisha nikaona haya, nikafuta.

Jumapili ya onyesho nilikwenda na mke wangu. Ukumbi ulikuwa wa chuo, watu kama themanini, wengi wazee kama yeye, na wanafunzi wachache waliokaa nyuma. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu aliyesoma sana. Alimtambulisha kwa dakika nzima, akaitaja santuri, akakitaja kile kipande, akasema leo tuna bahati ya kukaa mbele ya pumzi iliyokipuliza.

Mke wangu alinikanyaga mguu. Nilikuwa nimemsimulia yote.

Mzee alisogea kwenye kipaza sauti. Nilikuwa na hakika atashukuru na kuanza kupiga, kama alivyofanya miaka hamsini. Alisafisha koo.

"Kile kipande sikukipiga mimi," alisema. Akataja jina la rafiki yake, lote, jina la kwanza na la ukoo. "Walikosea kwenye jalada. Mimi nikaacha."

Watu wachache wakapiga makofi, bila kujua wanapigia nini. Mtangazaji alicheka, akasema kwenye kipaza sauti chake, "Unyenyekevu wa wakubwa," na wengine wakacheka naye. Mzee alimgeukia, akataka kusema jambo, mpiga piano akawa ameshaanza.

Alipiga nyimbo tano akiwa ameketi. Hakukipiga kile kipande, ingawa mtu mmoja alikiomba kwa sauti. Sauti yake haikuwa kubwa, wala haikuwa ya kijana, na kwenye wimbo wa tatu ilimkatika mahali akasubiri, akaendelea. Lakini ilikuwa imejaa. Hewa haikutoroka. Nilikaa nimeinamisha kichwa nikisikiliza kama mtu anayesikiliza injini ya gari lake.

Njiani kurudi, tumesimama kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, mke wangu aliniuliza, "Sasa unamwamini?"

Nilimwambia nimeitafuta familia ya yule rafiki kwenye simu wiki mbili, sikupata mtu.

"Sikukuuliza hilo."

"Namwamini kuhusu kipande," nilisema. "Kuhusu jirani na dada, sijui." Alitikisa kichwa, taa ikawa kijani, tukavuka.

Siku hizi mzee anapiga Jumapili alasiri kwenye mgahawa mmoja si mbali na kwetu, na miezi michache baada ya onyesho alianza kufundisha wanafunzi wawili. Kwenye mtandao nimeona mtu amesahihisha jina chini ya santuri, mwingine akamjia juu kwamba huo ni uzushi, na wanaendelea kubishana. Kila baada ya muda anapanda ngazi zangu kulalamika kwamba meno yamelegea, na mara nyingi hayajalegea. Namtazama kinywa, nagusa hapa na pale, anapuliza noti ndefu kwenye chumba changu mpaka wale wa ghorofa ya tatu wanagonga sakafu. Kisha ananiuliza nimefanya nini, namwambia sikufanya kitu, naye haniamini.